Fuata shilingi ya tumbaku: mwongozo kamili wa kufanya utafiti wa uchumi na utawala kijijini Tabora

Kabla sijakaa vizuri kwenye kigoda, mzee mmoja wa Urambo aliniuliza: "Mwanangu, nyie watu wa madodoso mmeshapita hapa mara nne. Zile karatasi huwa mnazipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa mdadisi wa kuajiriwa, nalipwa kwa hesabu ya kaya, na kila Ijumaa nilikuwa nakabidhi karatasi mjini bila kujua zinakoishia. Swali lile ndilo lililonifanya nijifunze kazi hii upya, kuanzia mwanzo hadi siku ya kurudisha majibu.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo, mtumishi wa asasi, mwandishi wa habari, au kijana wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne anayetaka kujua fedha za kwao zinavyokwenda. Mifano yangu ni ya Tabora, hasa ukanda wa tumbaku wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, kwa sababu ndiko ninakokujua. Ukiwa Kigoma, mahali pa tumbaku weka dagaa au mawese. Njia ni ile ile.

Hatua ya kwanza: punguza swali mpaka liweze kubebwa

Wengi huharibikiwa hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu anakuja na mada kama "Mchango wa utawala bora katika kuondoa umaskini mkoani Tabora". Mkoa huu ndio mkubwa kuliko yote nchini kwa eneo, zaidi ya kilomita za mraba 76,000, na Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,391,679. Mada ya namna hiyo hata ukipewa miaka kumi hutaimaliza, na ukiimaliza hakuna atakayejua umesema nini.

Chagua shilingi moja na uifuate. Tumbaku inafaa sana kwa hilo kwa sababu haiuzwi kienyeji. Inapita kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, inapangwa madaraja na mteuzi, inapimwa kwenye mizani, inanunuliwa na kampuni yenye mkataba, na malipo yanapita benki. Kila kituo kinaacha karatasi. Penye karatasi, mtafiti ana pa kushika.

Chukua mfano huu. Namba ni zangu za kufundishia tu. Mkulima kauza kilo 1,000 kwa wastani wa shilingi 5,000 kwa kilo, jumla shilingi 5,000,000. Chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, halmashauri inatoza ushuru wa mazao. Hadi katikati ya 2017 kiwango kilifika asilimia 5. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 kikashushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa hiyo ushuru wa tumbaku hii ni shilingi 150,000. Ukiingia kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 10 inatakiwa kwenda kwenye mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni shilingi 15,000, ikigawanyika 6,000, 6,000 na 3,000.

Tazama sasa maswali yanavyojizaa yenyewe. Je, ile 150,000 ilifika kwenye vitabu vya halmashauri? Ile 15,000 ilitengwa? Kikundi gani kilipata, cha kijiji gani? Na kijiji kilichotoa tumbaku kinaweza kuonyesha nini kilichorudi? Kila swali hapo lina watu wa kuulizwa na karatasi ya kutazamwa. Moja tu linatosha kwa shahada ya kwanza.

Lipo pia swali la kiuchumi ambalo napenda wanafunzi walichukue zaidi. Ushuru huu analipa mnunuzi. Lakini anayeandika hundi si lazima awe ndiye anayeumia. Kampuni ikijua italipa ushuru, inaweza kuupigia hesabu mapema kwenye bei inayompa mkulima. Mwenye mzigo halisi ni nani? Huwezi kulijibu kwa kusoma sheria peke yake. Inabidi ulinganishe bei, madaraja na misimu.

Hatua ya pili: soma kilichokwisha andikwa, nawe uko mjini bado

Anza na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Kila mwaka anaikabidhi kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha inawasilishwa bungeni, na baada ya hapo mtu yeyote anaweza kuipakua bure. Utafute juzuu ya Mamlaka za Serikali za Mitaa. Usiishie kwenye aina ya hati, yaani maoni ya mkaguzi kuhusu hesabu. Hati inayoridhisha ina maana kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata taratibu. Haina maana kwamba zahanati ya kijiji chako imejengwa vizuri. Nenda kwenye viambatisho, tafuta jina la halmashauri yako, uone kama kuna makusanyo ambayo hayakupelekwa benki, mikopo isiyorejeshwa, au ile asilimia 10 ambayo haikutengwa yote.

Kisha nenda Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS. Utafiti wao wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulionyesha asilimia 26.4 ya Watanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Hiyo ni namba ya nchi, usiibandike kwenye kijiji. Faida yake kwako ni maswali: soma dodoso lao uone walivyouliza kuhusu chakula, mifugo na vyombo vya ndani. Ukiuliza kwa namna inayofanana na yao, majibu yako yatapata cha kulinganishwa nacho. Taasisi za utafiti za REPOA na ESRF nazo zimeandika mengi kuhusu kodi za halmashauri na kilimo.

Kwa upande wa ushirika, fahamu kwamba AMCOS hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na Mrajis wa Vyama vya Ushirika anasimamia chini ya sheria ya 2013. Taarifa ya ukaguzi inapaswa kusomwa kwa wanachama kwenye mkutano mkuu, mahali ambapo pia unapitishwa ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa. Muhtasari wa mkutano ule ni dhahabu. Uombe.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wa tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, wakati masoko ya tumbaku yanaanza mwishoni mwa masika na kuendelea hadi Agosti au zaidi. Maana yake, msimu mmoja wa tumbaku unakatwa vipande viwili: ushuru wa Mei unaingia mwaka huu wa fedha, wa Julai unaingia mwaka mwingine. Nimeona watu wakitangaza kwamba halmashauri "imepoteza" mamilioni, kumbe walilinganisha msimu mzima na nusu ya hesabu. Tafuta makusanyo ya kila mwezi, uyapange upya kwa msimu.

Mtego wa pili ni mipaka. Kaliua ilimegwa kutoka Urambo. Ukiona mapato ya Urambo yameshuka ghafla miaka ile, usikimbilie kusema kuna wizi. Jumlisha wilaya zote mbili kwanza.

Hatua ya tatu: vibali, kutoka mkoani hadi kitongojini

Kama ni mwanafunzi, chuo kinakupa barua kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Yeye anaandika kwa wilaya au kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mkurugenzi anaandika kwa Mtendaji wa Kata, na wa Kata kwa Mtendaji wa Kijiji. Toa nakala nyingi, kila ofisi itabaki na moja. Mtafiti asiye raia lazima apate kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Utafiti ukigusa afya, kuna NIMR pia, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa.

Kwa nyaraka za ofisi, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi, taja waraka kwa jina na mwaka ("taarifa ya makusanyo ya ushuru wa mazao kwa mwezi, Julai 2022 hadi Juni 2024"), ipeleke masijala, na usiondoke bila kugongewa muhuri kwenye nakala yako. Ombi la jumla kama "naomba taarifa za mapato" linampa karani kazi asiyoiweza, na litalala mezani.

Pia ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Majina, namba za simu na akaunti za watu utakaowahoji si mali yako ya kurushiana kwenye makundi ya simu.

Kijijini, fahamu unaongea na nani. Mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa na wananchi; uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024. Mtendaji ameajiriwa. Mmoja anaogopa wapiga kura, mwingine anaogopa barua kutoka kwa Mkurugenzi, na hilo litaonekana katika kila jibu watakalokupa. Chini yao kuna wenyeviti wa vitongoji, na kando yao kuna sungusungu, jeshi la jadi lililoanzia ukanda huu wa Nzega na Kahama miaka ya mwanzo ya 1980. Usiwapite sungusungu. Mgeni anayeuliza watu wamepata fedha kiasi gani, tena mara tu baada ya malipo ya tumbaku, anafanana sana na mwizi anayepima nyumba. Nenda kwa kamanda wao siku ya kwanza, jitambulishe, mwonyeshe barua na sura za wadadisi wako wote.

Salimia kwa lugha ya pale. "Mwangaluka" ya asubuhi, ikifuatwa na kuulizana "mhola?", inafungua mlango ambao muhuri wa mkoa haufungui. Halafu tulia. Watu wazima hawaanzi na mambo ya fedha.

Hatua ya nne: kuchagua kaya

Mtendaji ana rejesta ya kaya. Tuseme ina kaya 420 na wewe unaweza kuhoji 60. Gawa 420 kwa 60, unapata 7. Andika namba 1 hadi 7 kwenye vikaratasi, changanya, chomoa kimoja. Kikitoka 3, unaanza na kaya ya 3, kisha ya 10, ya 17, na kuendelea. Fanya hivyo mbele ya mwenyekiti na watu wawili watatu. Wakiona kura imepigwa, hakuna atakayesema umechagua ndugu zake Mtendaji.

Lakini rejesta usiiamini moja kwa moja. Mara nyingi haina wafugaji waliohamia pembezoni mwa msitu, haina vijana wanaokodi mashamba kwa msimu, na ina wazee waliokwisha fariki. Pita na kila mwenyekiti wa kitongoji mstari kwa mstari: yupo, hayupo, amehama, amesahaulika. Kazi hiyo inachukua siku nzima na ndiyo siku yenye thamani kubwa kuliko zote. Ukiiruka, utafiti wako utakuwa wa watu wanaojulikana ofisini tu, na hao wana hali nzuri kidogo kuliko wenzao.

Ukimkosa mwenye kaya, rudi mara mbili kabla ya kumbadilisha. Usimbadilishe na jirani aliye kibarazani, kwa sababu anayepatikana kibarazani mchana ni mtu wa aina yake.

Hatua ya tano: dodoso linalouliza kama mtu anavyokumbuka

Usimuulize mkulima "kipato chako kwa mwaka ni kiasi gani?" Hajui, na hata wewe hujui chako. Muulize vitu anavyovikumbuka kwa mikono: alilima ekari ngapi (hapa ekari ni hatua 70 kwa 70, basi mwombe akutembeze), alijaza mabani mangapi (vibanda vya kukaushia tumbaku), alitoa mabelo mangapi (marobota ya tumbaku), alikwenda soko mara ngapi, na karatasi ya mauzo iko wapi. Wengi wanaitunza kwenye mfuko wa plastiki, imefungwa juu ya dari. Wakikuletea, piga picha kwa ruhusa, ukifunika jina na namba ya akaunti.

Kwenye karatasi ile nenda moja kwa moja kwenye makato. Mbolea, mbegu, dawa, nyuzi, riba, michango ya chama. Kaa na mkulima mhesabu pamoja. Nimeshuhudia mama akihesabu kwa vidole na kugundua, mbele yangu, kwamba mbolea aliyokatwa ni mifuko miwili zaidi ya aliyobeba. Hapo utafiti na maisha ya mtu vinakutana, na lazima uwe umejiandaa: mweleze kwamba malalamiko yanapelekwa kwenye bodi ya chama na kwa Afisa Ushirika wa wilaya, na kwamba wewe huna mamlaka ya kurudisha fedha zake. Usiahidi kitu.

Uliza pia madeni ya wenzao. Katika vyama vingi wakulima hudhaminiana, na anayelipa vizuri anajikuta anabeba deni la aliyeuza tumbaku yake pembeni, ile biashara ya vishada. Maswali ya utawala yamejaa hapo: nani alijua, nani aliamua, mkutano ulifanyika, na muhtasari unasemaje.

Kwa mahindi na mpunga, andika kipimo alichotaja mkulima kama kilivyo (debe, gunia, lumbesa), kisha siku moja nenda na mizani upime debe na gunia la pale. Kubadilisha kuwa kilo ni kazi yako ya jioni. Kwa wakati, tumia misimu: "tangu soko lililopita", "kabla ya mvua za kwanza". Mtu akisema "miezi kumi na mbili iliyopita" amekupa tarehe ya kubuni.

Mhoji mke peke yake. Nalisema kwa mkazo, kwa kuwa tafiti nyingi za tumbaku zimeharibika hapa. Akaunti ni ya mume, jina kwenye rejesta ya AMCOS ni la mume, lakini kuchuma, kufunga majani na kukesha bani likiwaka ni kazi ambazo mama na watoto wanazifanya kwa sehemu kubwa. Muulize mume fedha zilitumikaje, muulize mama swali lile lile kwa wakati mwingine, na uweke majibu yote mawili. Tofauti yao ni matokeo, usiipatanishe.

Programu ya kukusanyia majibu ya KoboToolbox ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu ya kawaida hata pasipo mtandao; unatuma majibu ukifika penye mnara. Hata hivyo beba madodoso machache ya karatasi. Umeme na betri havina ahadi.

Jaribu dodoso kwenye kijiji cha jirani, kaya kumi, kabla ya kazi yenyewe. Swali lililoeleweka vibaya na watu watatu kati ya kumi, liandike upya. Na dodoso lote lisizidi dakika 45; mkulima ana kazi.

Hatua ya sita: kuuliza kuhusu uongozi bila kumweka mtu hatarini

Siku ya kwanza Mtendaji atajitolea kukusindikiza nyumba kwa nyumba. Ni heshima, na mara nyingi anafanya kwa nia njema. Mshukuru, mwombe akutambulishe kwenye kitongoji, halafu mwombe abaki ofisini. Sema ukweli: "Mheshimiwa, maswali mengine yanahusu ofisi, watu wakikuona watakusifia tu, na mimi sitajifunza kitu." Sijawahi kukataliwa nilipolisema hivyo kwa upole.

Maswali ya utawala nayo yawe ya matukio. Badala ya "uongozi wenu ni mzuri?", uliza:

- Mkutano mkuu wa kijiji wa mwisho ulikuwa lini, na ulihudhuria?
- Mapato na matumizi yalisomwa? Unakumbuka namba hata moja?
- Mlichangia nini mwaka huu, na ulipewa stakabadhi?

Kisheria, mkutano mkuu ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25. Kwa hiyo unaweza kulinganisha vitu vitatu: sheria inavyosema, muhtasari ofisini unavyosema, na watu wanavyokumbuka. Ofisi ikionyesha mikutano minne na watu wakakumbuka mmoja, umepata jambo. Lakini kabla hujaliandika, uliza mikutano ile ilifanyika wapi na saa ngapi. Nilifika kijiji kimoja ambako mikutano ilikuwa ya kweli kabisa, ila ilifanyika asubuhi ya siku za gulio, na nusu ya kijiji haikuwepo.

Kuhusu rushwa, usilitumie neno hilo. Uliza: "Ili jambo lako lifanyike, ilibidi utoe chochote zaidi ya kilichoandikwa kwenye risiti?" Usiandike jina la aliyepokea. Andika ofisi ya aina gani na huduma gani. Kama mtu anataka kutoa taarifa ya kosa, mwelekeze TAKUKURU. Dodoso lako si mashitaka. Namba za kaya na majina zikae kwenye daftari mbili tofauti, na la majina lifungiwe.

Kitu kingine cha kutazamia: watu wataamini umekuja kuandikisha wanufaika wa TASAF, au umetumwa na kampuni ya pembejeo. Mwenye kutarajia msaada atapunguza ng'ombe wake. Mwenye kutarajia mkopo ataongeza ekari. Sema wazi mwanzoni, rudia katikati, kwamba majibu hayampi mtu chochote wala hayamwondolei kitu. Chukua ridhaa kwa maneno yanayoeleweka, na mtu akikataa, aga kwa heshima.

Hatua ya saba: kupanga namba

Safisha majibu kila jioni mkiwa bado kijijini. Kosa la leo linarekebishika kesho asubuhi, lakini ukishapanda basi kurudi mjini limekwenda.

Jihadhari na wastani. Kaya kumi, tisa zina shilingi milioni moja kila moja na ya kumi ina milioni 21. Wastani ni milioni tatu, na hakuna hata kaya moja yenye milioni tatu. Panga namba kutoka ndogo hadi kubwa na utaje ile ya katikati. Vijiji vya tumbaku viko hivyo kweli: wachache wenye mashamba makubwa na wengi wa ekari moja mbili.

Usilinganishe shilingi ya miaka mitano iliyopita na ya leo kana kwamba ni moja. NBS hutoa Fahirisi ya Bei za Mlaji kila mwezi, itumie kusawazisha. Na kwa kuwa bei ya tumbaku imekuwa ikipangwa kwa dola, mkulima anaweza kupata shilingi nyingi zaidi bila bei kupanda hata senti, kwa sababu tu shilingi imeshuka. Taja zote mbili, bei ya dola na kiwango cha kubadilishia cha siku ya malipo.

Halafu kuwa mwangalifu na sababu. Ukikuta vijiji vyenye mikutano mingi vina shule nzuri, huenda mikutano imejenga shule, huenda kijiji chenye fedha kinapata nafasi ya kukutana, huenda vyote vinatokana na kuwa karibu na barabara au stesheni ya reli. Sema ulichokiona na uishie ulipofika.

Kwa wenzetu wa Kigoma: ziwa linatoa jaribio ambalo sisi wa nchi kavu hatuna. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane. Mwenye takwimu za mwaloni, yaani pale samaki wanaposhushwa, za kabla, wakati na baada ya tarehe hizo anaweza kufuatilia bei ya dagaa, ushuru wa mwalo na mikopo ya wachuuzi kwa uwazi wa kipekee. Kama una daftari la mwalo wa Kibirizi au Katonga, usilitupe.

Hatua ya nane: kurudisha majibu

Watafiti wengi wanajua marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yaliyotisha watu kuchapisha namba zao wenyewe. Yalirekebishwa tena 2019 na kosa lile likaondolewa. Bado, eleza wazi kaya ngapi ulihoji, ulizichaguaje, na lini. Msomaji ajue namba yako imetoka kwenye kaya 60 za kijiji kimoja.

Sasa tenga siku mbili na nauli ya kurudi kijijini. Ziweke kwenye bajeti tangu mwanzo, maana zikiachwa mwisho hazipatikani. Andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zisizo na jina la mkulima yeyote. Chora shilingi 100 za tumbaku kwenye karatasi kubwa ya bango: hizi zilikwenda pembejeo, hizi riba, hizi michango ya chama, hizi zilibaki nyumbani, na pembeni, kwa rangi nyingine, ushuru uliolipwa na mnunuzi. Mwombe mwenyekiti akupe nusu saa kwenye mkutano mkuu.

Mwonyeshe Mtendaji na bodi ya AMCOS kurasa hizo siku moja kabla. Si kwa kuomba ruhusa ya kuzibadilisha, ila wasizisikie kwa mara ya kwanza mbele ya umati, na wapate nafasi ya kuleta karatasi ambayo hukuiona. Mara moja bodi ilileta stakabadhi iliyofuta robo ya hoja yangu. Niliisahihisha usiku ule ule kwa taa ya simu.

Mkutanoni mtu atasimama na kusema, "Hiyo namba si kweli, mimi nilikatwa zaidi." Usibishane naye. Mwombe karatasi yake ya mauzo, muisome pamoja, uiandike. Ukimaliza, bandika nakala moja kwenye mbao za matangazo, nyingine iache kwenye kabati la ofisi ya kijiji, ya tatu kwa katibu wa AMCOS, na ya nne mkabidhi mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kwa kuwa huko karatasi hukaa muda mrefu kuliko kwingine kote.